Barua zenu: Telegramu ya msiba haipiti dirishani

Kwa wasomaji wapya: nilikaa nyuma ya dirisha la posta miaka 29, kuanzia 1979, nikiuza stempu, nikipokea telegramu na kuwaandikia barua wale wasiojua kuandika. Ndiyo sababu mhariri alinikabidhi ukurasa huu. Barua za mwezi huu zote zinahusu simu. Sikuzichagua makusudi, ndizo zilizokuja.

Swali: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nafanya kazi za ndani Muscat, huu mwaka wa sita. Baba yangu alifariki alfajiri ya Ijumaa. Saa hizo nilikuwa jikoni kwa mwajiri wangu, nimeshainjika wali, nikashika simu kidogo. Stetasi ya kwanza kuiona ilikuwa ya binamu yangu: picha ya baba amevaa kanzu ya Idi. Nikadhani anatutakia Ijumaa njema. Nikaenda kupunguza moto, niliporudi ndipo nikaona maneno ya chini, Inna Lillahi. Kaka yangu alinipigia baada ya nusu saa. Baba akazikwa baada ya sala ya Ijumaa, mimi nasikiliza kwenye simu. Huu mwezi wa tano sijasema na binamu yangu. Kaka ananiambia ndiyo dunia ya sasa, watu lazima wajue mapema wawahi maziko. Je, nina kosa kukasirika?
*Binti wa Pangani, Muscat*

Jibu: Marahaba mwanangu. Makiwa.

Huna kosa. Nalisema hilo kwanza ili usilisubiri mpaka mwisho wa barua.

Nikueleze lililonipata mimi. Mwaka 1981 nilikuwa karani kijana kwenye posta moja ya wilayani. Telegramu ikiingia tunaiandika kwenye fomu yake, inakunjwa, tarishi anaipeleka kwa baiskeli. Siku moja tarishi alikuwa ametoka, ikaingia telegramu ya mama mmoja, na mama mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, amekuja kuuliza kama ana barua. Nikaona nimpunguzie safari ya kungoja. Nikampa dirishani. Akasema, mwanangu mimi sijui kusoma, nisomee. Nikamsomea kwa sauti ileile niliyowasomea watu bei ya stempu: HAMISI AMEFARIKI TUMEMZIKA JANA.

Yule mama hakulia. Aliweka kapu lake chini, akainama, akaanza kuupanga upya muhogo uliokuwa umepangika vizuri tu. Halafu akaniuliza, "Hamisi yupi?"

Alikuwa na Hamisi mmoja.

Tarishi wetu aliporudi alinikuta nimekaa kwenye magunia ya barua. Alikuwa mtu mzima, kazi hiyo aliianza tangu posta ikiwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika 1977. Hakunigombeza. Jioni, tukifunga, akaniambia maneno ambayo baadaye niliwafundisha vijana wote walioajiriwa chini yangu: telegramu ya msiba haipiti dirishani. Yeye akipewa ya namna hiyo, alikuwa anashuka kwenye baiskeli nyumba tatu kabla ya ile anayokwenda, anaisukuma kwa miguu. Anamuuliza jirani kama kuna mtu mzima pale nyumbani. Kama hayupo anamtafuta mjumbe wa nyumba kumi, wanakwenda wote. Anapiga hodi, anaomba maji ya kunywa, anakaa. Maji yakishaletwa na wenyeji nao wamekaa, ndipo anasema neno moja: "Nimetumwa."

Kwa neno hilo mtu mzima anaelewa. Anajishika mwenyewe kwanza, kisha anaangalia nani kati ya waliopo ashikwe.

Stetasi haina wa kusema "nimetumwa". Haikutumwa kwako, haikutumwa kwa yeyote. Imewekwa tu, na inamfikia mtoto wa marehemu sawasawa na inavyomfikia aliyemuuzia marehemu samaki mara moja mwaka juzi. Hilo ndilo lililokuumiza, na ni jeraha la kweli.

Lakini na kaka yako ana la haki, naomba umpe haki yake. Ile telegramu ya Hamisi nimekuandikia kama ilivyokuwa. Ilisema TUMEMZIKA. Kiswahili kilitusaidia sana enzi zile, maana tulikuwa tunalipia kwa neno, na neno moja la kwetu linabeba sentensi nzima: nani kazika, kamzika nani, na kwamba imekwisha. Mama yule alizikiwa mwanawe na hakujua mpaka kesho yake. Wapo waliofika siku tatu baada ya maziko, wanateremka kwenye basi na sanda mkononi. Na watu wa Muscat wa miaka ile walipata habari kwa barua, baada ya wiki kadhaa, arubaini iko mlangoni. Wewe ulisikia watu wakiitikia dua ya baba yako. Katika miaka yangu yote pale posta sikuwahi kumwona mtu aliyepata hilo akiwa ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo kasi si adui yetu. Wala tangazo kwa watu wote si jambo jipya. Kipaza sauti cha msikiti kinatangaza, kengele ya kanisa inatangaza, na Redio Tanzania ilikuwa na matangazo yake ya vifo, yakianza nyumba nzima inanyamaza. Wapo waliosikia misiba yao kwenye redio kwanza, kwa sababu walikuwa mbali na barabara na hakuna baiskeli ya kuwafikia. Ila muadhini hakukishika kipaza sauti mpaka aulize: wenyewe wameshapata? Kulikuwa na mpangilio. Watoto, ndugu, majirani, halafu mji. Siku hizi mji unaweza kutangulia kwa kidole kimoja cha mtu mmoja aliyechanganyikiwa.

Mpangilio unaweza kurudi, na simu hiyohiyo ikaubeba. Kwetu tuliukalia kikao baada ya msiba wa dada yangu mkubwa, mwaka 2019. Ndani ya mlango wa kabati la mama kuna karatasi ya daftari imebandikwa kwa gundi, imeandikwa majina matatu. Hao watatu ndio wapigaji. Kila mmoja ana watu wake wa kuwapigia, walio mbali wakitangulia. Anayempigia aliye mbali haanzi na habari. Anaanza na: Uko wapi? Uko na nani? Kaa kwanza. Mpaka wapigaji wote watatu waseme "wangu wamepata", hakuna kuweka picha wala kuandika kwenye grupu la ukoo. Shemeji yetu alipofariki, kazi hiyo ilichukua kama dakika 40. Hakuna aliyekosa maziko kwa dakika 40. Mwambie kaka yako aandike karatasi kama hiyo pale Pangani, na nambari yako iwe ya kwanza.

Sasa binamu yako. Jiulize alikuwa wapi alfajiri ile. Inawezekana alikuwa nje barazani, wakubwa wamo ndani na maiti, yeye hana la kufanya na mikono inatetemeka. Vijana wetu wengi siku hizi wanalilia humo kwenye simu. Alitafuta picha nzuri kuliko zote za mjomba wake, ya kanzu ya Idi. Hakuchagua picha ya kitandani. Mimi katika hilo naona mapenzi, japo yalitangulia mahali pasipo pake.

Mpigie, usimwandikie. Miezi mitano ya kimya haivunjwi kwa maandishi, maana utabaki unahesabu tiki. Mpigie jioni akiwa ametulia, umsimulie jiko, na wali, na jinsi ulivyodhani ni salamu za Ijumaa. Msimulie kama unavyomsimulia ndugu, si kama unavyomsomea mtu mashitaka. Kisha muulize picha ile ilipigwa Idi gani, na nani aliyeipiga. Nadhani atakuwa na mengi ya kukwambia juu ya baba yako, mengine huyajui kwa kuwa hukuwepo.

Swali: Mzee, mama yangu ana miaka 63, ana kisukari mwaka wa tisa. Kwenye grupu la kwaya aliletewa ujumbe wa sauti wa mtu anayejiita daktari bingwa, anasema vidonge vya sukari vinaua figo, mtu achemshe majani ya mpera na mdalasini siku 21 atapona kabisa. Mama ameacha vidonge. Sasa ana kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu. Nikisema, ananijibu "kwani wewe ni daktari?"
*Mtoto wa tatu, Morogoro*

Jibu: Mwanangu, gazeti likikufikia leo, nendeni leo.

Mimi si daktari pia, ila mke wangu ana kisukari na nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka mingi. Jambo ambalo wauguzi hawachoki kulirudia ni mguu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anachomwa na mwiba hasikii, na damu haifiki vizuri kule chini, kwa hiyo kidonda hakifungi. Watu wanakatwa miguu kwa vidonda vilivyoanza vidogo kama hicho. Hata kama hakimuumi sana, hiyo si dalili njema.

Usibishane naye juu ya vidonge. Mwambie tunakwenda kuonyesha kidole, basi. Kule watapima sukari, na ya vidonge yataibuka yenyewe, kwa kinywa cha mtu ambaye hawezi kumuuliza kama ni daktari. Chukua pakiti ya vidonge alivyoviacha na yale majani, waeleze kila kitu bila kumficha mama wala kumuaibisha. Na ile hofu yake ya figo msiipuuze. Amuulize daktari mwenyewe, ni swali zuri na lina majibu, wana vipimo vya figo.

Mkisharudi ndipo tuzungumze juu ya ule ujumbe. Ufungue uangalie juu yake. Kama una mishale miwili iliyobebana, maana yake umeshapita mikono isiyopungua mitano kabla ya kumfikia mama. Watu wa WhatsApp wenyewe waliona hatari yake, tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka mahali pamoja tu kwa mara moja. Mwonyeshe mama ile mishale. Muulize bila ukali: nani kasema? Si nani kakutumia, nani kasema?

Mimi nililelewa chuo cha Kurani, na maalimu wetu alitufundisha kwamba hadithi ya Mtume haisimami peke yake. Inasimama na wapokezi wake: fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Mpokezi mmoja asipojulikana, hadithi inakuwa dhaifu, hata ikiwa na maneno matamu. Nyinyi ni watu wa kanisani, lakini kipimo hiki ni cha watu wote. Huyo daktari bingwa wa hospitali gani? Mama akizidiwa siku ya kumi na moja ya majani, atampata wapi?

Usidhani uvumi wa dawa umeletwa na simu janja. Mwaka 2011 tuliona watu kwa maelfu wakienda Samunge, Loliondo, magari yamepanga foleni ya kilomita nyingi, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu. Wapo walioacha dawa zao za hospitali, na hilo liliwagharimu. Lakini hata kikombe kile kilikuwa na mtu wake na mahali pake. Ulimjua aliyekupa, na kijiji chake ulikijua. Sauti iliyoingia kwenye grupu la kwaya haina uso.

Una njia moja nzuri zaidi ya kubishana. Mama hamwamini yule "daktari", hamjui. Anamwamini mwenzake wa kwaya aliyemtumia. Nenda kwa huyo mama wa kwaya na soda mbili, mweleze kidonda. Usimlaumu, alituma kwa huruma. Mwombe yeye ndiye aje amwambie mama yako: dada, ule ujumbe nilioutuma sikuujua ulikotoka. Hayo yakitoka kinywani mwake yatashinda barua yangu na maneno yako yote. Akiweza kuyaandika na kwenye grupu lenyewe, atakuwa amewafikia wengine ambao hawana mtoto wa kuwaandikia magazeti.

Swali: Nilipata meseji "ile hela tuma kwenye namba hii". Nilikuwa nadaiwa kodi kweli, nikatuma 120,000. Mwenye nyumba anasema hajaipata. Nifanyeje?
*Mpangaji, Mwanza*

Jibu: Pole, kijana wangu. Matapeli hawabahatishi: wanatuma kwa maelfu, wakijua katikati yao wapo wenye deni la kweli siku ile. Piga simu mtandao wako mara moja waizuie kama bado haijatolewa, ukiwa na meseji ya muamala mkononi. Kisha tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo. Ukiwa na nafasi bonyeza *106# uone ni nambari ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta nyingine si yako. Na kuanzia sasa, hata mwenye nyumba akikutumia nambari mpya, mpigie kwenye ile ya zamani uisikie sauti yake kabla ya kutuma hata senti.

Swali: Shikamoo babu. Tumepewa kazi ya kuandika kuhusu mawasiliano ya zamani. Nikitafuta "telegramu Tanzania" kwenye simu ya dada naletewa ile programu ya Telegram ya kuchati. Telegramu yenyewe ilikuwaje?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Korogwe*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Umenifurahisha, na umenisikitisha kidogo, kwa sababu nimemwambia mjukuu wangu wa hapa nyumbani atafute na yeye, akaletewa hiyohiyo. Mambo mengi ya maisha yetu hayamo humo kwenye simu kwa kuwa hakuna aliyeyaweka. Kwa hiyo tumia simu ya dada kwa kazi nyingine: mtafute mzee mmoja hapo Korogwe aliyefanya kazi posta au reli, umrekodi sauti, umuulize alikuwa anaamka saa ngapi.

Kwa kifupi: posta na simu lilikuwa shirika moja mpaka lilipogawanywa 1994. Mtu anakuja dirishani, anajaza fomu kwa herufi kubwa, tunahesabu maneno kwa ncha ya kalamu, analipa kwa idadi yake. Maneno yanasafiri kwa waya mpaka posta ya upande wa pili, kule yanaandikwa upya na kupelekwa nyumbani kwa mwenyewe. Watu walikuwa wanasimama pembeni dakika kumi wanafikiri neno gani wakate. Niliona mwanamume akikata SALAMU, akatoka mpaka mlangoni, akarudi, akailipia.

Ninayo moja ya kwangu. Mwaka 1984 nilikuwa Dar es Salaam kwenye mafunzo, mke wangu nimemwacha mjamzito. Ni karatasi imefifia, imekunjwa mara nne, pembe moja imeliwa na mende, na mhuri wa tarehe bado unasomeka. Mama yangu ndiye aliyeituma, na hakuwa mtu wa kuchezea hela: MAMA MTOTO WAZIMA KIUME NJOO.

Nimempa mhariri aipige picha, ataiweka toleo lijalo ukurasa huuhuu. Kama kazi yako inatakiwa kabla ya hapo, mwalimu wako aandike kwa mhariri, nitakutumia nakala kwa posta. Andika S.L.P. ya shule yenu.